Stendi na visanduku vya plastiki vya kuonyeshea bidhaa dukani: maswali tunayoulizwa kila mara karakanani

Ukurasa huu ni wa wenye maduka wa Unguja na Pemba: wauza viungo, manukato na vito wa Mji Mkongwe, wauza simu wa Darajani, kinamama wa sabuni za mwani wa Paje na Jambiani, na yeyote anayetaka bidhaa yake ionekane vizuri bila kutupa fedha. Maswali ni yale yale yanayorudi. Ukiwa na haraka, soma lile la mafuta ya karafuu na lile la kusafisha. Kwa tunavyoona sisi, hayo mawili ndiyo yanayomaliza stendi nyingi visiwani, wala si uzee.

## Mambo ya mwanzo

Mnatengeneza vitu gani hasa?

Stendi za vipeperushi na menyu, visanduku vya viungo vyenye mfuniko, ngazi za kupangia chupa, vishikio vya mikufu na bangili, vibao vya bei, makasha ya kufunikia vitu vya thamani, masanduku ya sadaka ya misikitini. Kazi nyingi ni za akriliki. Ndoo, mabeseni na chupa hatutengenezi, hizo zinahitaji moldi na mashine kubwa (tazama "Lini inafaa kutengeneza moldi?").

Akriliki ni kitu gani, na inakizidi kioo kwa lipi?

Ni plastiki ngumu na angavu ambayo wengi huiita perspeksi au kioo cha plastiki. Imekuwepo sokoni tangu miaka ya 1930. Hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, na uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo cha ukubwa na unene uleule. Ikivunjika hutoka mapande makubwa, haitawanyiki vigae.

Kioo nacho kinaizidi: hakikwaruziki upesi, hakiogopi spiriti, hakiogopi joto. Kwa hiyo juu ya kaunta ambako wateja huburuza funguo na sarafu kutwa nzima, tunakushauri uweke kioo, na akriliki ikae pembeni na ndani. Hatuoni haya kumwambia mteja kwamba anachohitaji ni kioo.

Stendi mbili zinaonekana sawasawa, lakini moja ni ghali mara mbili. Kwa nini?

Kwanza, huenda si plastiki moja. Polistirini ikiwa mpya hung'aa vilevile, na bei yake ni ndogo sana, lakini ni kavu, huvunjika ikidondoka, na huliwa na mafuta. Stendi nyingi za bei rahisi zinazokuja kwa kontena ni za polistirini, na muuzaji wa mwisho mara nyingi hajui anachouza.

Pili, hata akriliki iko ya aina mbili. Kuna ya kumimina: majimaji yake humwagwa kati ya vioo viwili vipana na kuachwa yagande taratibu. Na kuna ya kusukuma: plastiki iliyoyeyushwa hukamuliwa kupitia mdomo mwembamba na kutoka shiti mfululizo. Ya kumimina ni ngumu zaidi, huvumilia gundi na spiriti zaidi, na ukiichora kwa leza maandishi hutoka meupe yanayosomeka kwa mbali. Ya kusukuma ni nafuu, unene wake ni sawia zaidi, hukunjika kwa urahisi, lakini hupata nyufa za nywele upesi, na maandishi ya leza juu yake hubaki angavu, hayaonekani vizuri. Si mbaya. Kwa stendi ya kipeperushi inatosha kabisa. Kwa kasha la vito lenye viungo vingi vya gundi, usiikubali.

Tatu ni unene na kingo. Kukata shiti ni kazi ya dakika chache. Kusafisha ukingo mpaka ung'ae bila mawimbi ndiko kunakokula saa za fundi, na ndiko bei inakopanda.

Muulize anayekuuzia: ni plastiki gani, ya kumimina au ya kusukuma, milimita ngapi? Asiyeweza kujibu hayo hawezi pia kukuhakikishia itadumu kiasi gani.

Nitajuaje kama niliyouziwa ni akriliki kweli?

Omba kipande cha mabaki. Kitumbukize majini: kikielea ni polithini au polipropilini. Akriliki, polistirini, polikaboneti (plastiki angavu isiyovunjika kirahisi) na PVC (plastiki ya mabomba) zote huzama. Kisha kishike kwa koleo, nje penye upepo, uwashe ncha yake. Akriliki huwaka kwa utulivu na kupasukapasuka kidogo, moshi wake ni haba na harufu yake ni tamutamu. Polistirini hutoa moshi mweusi wenye masizi yanayoruka na kukaa kwenye nguo. PVC huzimika yenyewe ukiitoa motoni, na harufu yake huchoma pua, usiivute.

Kama hutaki kuchoma, gonga ukingo kwa ukucha. Polistirini hutoa mlio mkali wa bati. Akriliki mlio wake ni mzito.

## Kuchagua plastiki kulingana na unachouza

Nauza viungo na mafuta ya karafuu. Stendi yangu imeingia weupe na kunata. Imepatwa na nini?

Imeliwa na mafuta, na karibu kila mara ni kwa sababu stendi ni ya polistirini.

Mafuta ya karafuu, yawe ya karafuu zenyewe, ya majani au ya makonyo yanayokamuliwa kwa mvuke Pemba, sehemu yake kubwa ni yujenoli. Hiyo ndiyo inayoipa karafuu harufu yake na ndiyo inayotuliza jino. Lakini pia huyeyusha plastiki kadhaa. Polistirini ni dhaifu kabisa mbele yake. Mafuta ya maganda ya machungwa yanafanya vivyo hivyo, na ya mdalasini pia hayafai kuaminiwa.

Ukitaka kuona kazi yake, nyanyua chupa iliyokaa mahali pamoja kwa muda. Tone lilishuka kutoka kwenye kizibo, likazunguka kitako, likatulia pale. Chupa inang'ang'ania kwanza, kisha inabanduka na kuacha pete nyeupe yenye makunyanzi. Pitisha ukucha kwenye pete hiyo: plastiki inachunika. Hapo hakuna kusafisha wala kusugua kutakakorudisha mng'ao, kwa sababu si uchafu uliokaa juu, ni plastiki yenyewe iliyoyeyuka na kuganda upya.

Akriliki ni afadhali kwa mbali, ingawa nayo si ya kuachiwa mafuta. Yakikaa kwenye kona iliyokunjwa au kwenye kiungo cha gundi, nyufa huanzia hapo. Kwa hiyo ngazi ya chupa za mafuta tunaitengeneza kwa akriliki, lakini kila daraja linapewa trei nyembamba ya kioo inayotoka. Matone yanaanguka kwenye kioo. Jioni unaitoa trei, unaiosha, unairudisha. Inaongeza gharama, na bado tunaisisitiza kwa kila muuza mafuta, hata anayesema chupa zake hazivuji. Chupa ya mafuta ambayo haijawahi kutoa tone hatujaiona.

Karafuu kavu, mdalasini, iliki na pilipili manga zikiwa ndani ya vifuko vyake hazina neno kwenye kisanduku cha akriliki. Karafuu zisizofungwa ni jambo jingine: karafuu nzuri inaweza kuwa na mafuta asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wake, na kuzijaza moja kwa moja kwa miezi ni kutafuta weupe kwenye kuta za kisanduku. Tia kwenye mtungi wa kioo, kisha mtungi ndio ukae ndani ya stendi.

Na manukato ya kupuliza?

Adui hapo ni spiriti. Chupa ya majaribio hupulizwa mara nyingi kwa siku, na ukungu wake hutua juu ya daraja lilelile. Baada ya muda utaona nyufa nyembamba kuzunguka mahali pale. Dawa ni trei ileile ya kioo. Mafuta ya udi na mengineyo yasiyo na spiriti ni mapole zaidi, ila nayo yafutwe siku hiyohiyo.

Naweza kuweka halua, kashata au unga wa viungo moja kwa moja ndani ya kisanduku?

Tunapendelea chakula kiwe ndani ya chombo chake na kisanduku kiwe cha kuonyeshea tu. Tatizo haliko sana kwenye akriliki. Liko kwenye gundi, wino na kona ambazo unga hujibana usitoke. Kama lazima kiguse chakula, tuambie kabla ya kukata. Tutakikunja badala ya kukigundisha pale inapowezekana, tutatumia shiti ambayo mwenye kiwanda ameandika kwamba inafaa kwa chakula, na kitapunga hewa siku kadhaa kabla hujakichukua.

Halua iliyotoka jikoni sasa hivi isiingie kabisa. Akriliki huanza kulegea joto likipita kiasi cha nyuzi 80, na halua ya moto inapita hapo.

Nimeambiwa polikaboneti haivunjiki. Kwa nini msitumie hiyo kila mahali?

Ni kweli kwamba ni ngumu sana kuvunja, na kwa sanduku la sadaka linalokaa barazani au kasha la simu tunaitumia. Lakini hukwaruzika upesi kuliko akriliki, ni ghali, na isipokuwa na tabaka la kuikinga na jua hugeuka njano. Pia hunywa unyevu wa hewa: isipokaushwa vizuri kabla ya kukunjwa, inajaa mapovu. Kwa kazi ya katikati, inayohitaji kukunjwa sana na kuvumilia kupigwapigwa, PETG (plastiki angavu ya jamii moja na ile ya chupa za maji) ni chaguo zuri; haihitaji kukaushwa na huvumilia mapigo kuliko akriliki, ingawa uso wake hukwaruzika upesi zaidi.

Nichukue unene gani?

Stendi ya karatasi ya A4 au kipeperushi: milimita 3. Kisanduku cha viungo: 3 au 4. Rafu ya sentimita 60 ya kubeba sabuni: 5 au 6, yenye ukingo uliokunjwa mbele.

Huo ukingo wa mbele ndio siri. Ukiongeza unene mara mbili, ubapa unakuwa mgumu mara nane kupinda, lakini unalipia plastiki mara mbili. Ukikunja ukingo wa sentimita 2 au 3, unapata ugumu mwingi kwa plastiki kidogo. Kumbuka pia kwamba akriliki iliyobeba mzigo huendelea kulegea polepole kwa miezi. Rafu yenye dalili ndogo tu ya kupinda siku ya kwanza, itakuwa imebonyea vibaya kabla ya Idi ijayo.

## Namna inavyotengenezwa

Mnakata kwa leza au kwa msumeno?

Vyote viwili. Leza huyeyusha njia yake na kuacha ukingo unaong'aa bila kusuguliwa. Ni nzuri kwa maumbo ya mviringo na maandishi. Shiti nene tunazikata kwa msumeno wenye meno maalumu, kisha kingo zinapigwa randa na kung'arishwa. Kiungo kitakachobeba uzito tunapendelea ukingo wa msumeno uliosawazishwa, kwa sababu ule wa leza huwa na mkazo ndani yake (tazama "Nyufa za nywele zimetokea").

PVC hatuikati kwa leza kwa namna yoyote, hata mteja akituletea shiti yake. Hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayoumiza mapafu na kuitia mashine kutu.

Kukunja kunafanywaje?

Waya wa moto unapita chini ya mstari wa kukunja mpaka sehemu hiyo ifike nyuzi 150 au 160 hivi, kisha inalazwa kwenye kiolezo mpaka ipoe. Shiti nene hupashwa pande zote mbili. Ikikunjwa kabla haijaiva, nyufa huja baadaye. Ikizidi moto, inatoa mapovu. Wakati wa masika, shiti iliyokaa bila karatasi yake imeshanywa unyevu, na hutoa mapovu hata kwenye joto sahihi. Hizo tunazikausha kwanza, kwa hiyo oda za mwezi wa Aprili zinachukua muda zaidi.

Kwa nini baadhi ya viungo vina weupe kama moshi?

Hili ni swali la visiwani hasa, na lina jibu.

Akriliki haigundishwi kwa gundi ya kawaida. Kinachotumika sana ni kiyeyushi, mara nyingi chenye dikloromethani, chepesi kama maji. Vipande vinasimamishwa vikigusana, tone linawekwa kwa sindano kwenye pembe, na lenyewe linakimbia ndani ya mwanya mpaka mwisho. Linayeyusha nyuso zote mbili, zinashikana, kisha linapotea hewani. Kiungo kizuri kinaonekana kana kwamba hakipo.

Lakini kiyeyushi hiki huchemka kwa nyuzi 40 tu, kwa hiyo hukauka kwa kasi, na kinapokauka hupoza uso wa plastiki. Hewa ikiwa imejaa unyevu, unyevu huo hugeuka matone ya maji palepale na kunaswa ndani ya kiungo. Huo ndio weupe. Haufutiki, na kiungo chenyewe kinakuwa dhaifu. Fundi mwangalifu hagundishi alfajiri ya mvua na madirisha wazi; anafanya kazi kwenye chumba kilichokaushwa hewa, au anatumia mchanganyiko unaokauka polepole. Ukipokea kisanduku chenye weupe mrefu kwenye kona, kirudishe. Usikubali kuambiwa utatoka wenyewe.

Mvuke wake ni sumu. Kijana anayefanya kazi hii kwenye kichumba kisicho na feni ya kutoa hewa anaumizwa kila siku, na bei ya chini unayopewa imelipiwa na mapafu yake.

Lini inafaa kutengeneza moldi?

Moldi ni chuma kilichochongwa umbo la bidhaa, kisha plastiki iliyoyeyuka inashindiliwa ndani kwa nguvu kubwa, inapoa, inatoka kipande kamili. Ndiyo njia ya vitu vya maelfu: vishikio vya bei, hanga, vifuniko. Kila kipande kinatoka kwa sekunde na kwa bei ndogo mno, lakini moldi yenyewe ni mamilioni ya shilingi kabla hujapata hata kimoja, na ukitaka kubadilisha umbo unaanza upya.

Maoni yetu ni haya: kama hutafika vipande elfu moja vya umbo lilelile, usifikirie moldi. Na kama unachotaka ni kishikio cha A4 cha kawaida, nunua vile vinavyoletwa kutoka nje. Vilivyotengenezwa vizuri ni vizuri kweli, na sisi hatuwezi kushindana na bei yake. Ukivinunua, angalia mabonde madogo nyuma ya sehemu nene, utando mwembamba unaotokeza kwenye maungio ya moldi, na mistari ambapo mikondo miwili ya plastiki ilikutana. Mstari huo ukipita mahali pa kubeba uzito, hapo ndipo patakapovunjika.

Je, kuna njia ya katikati?

Ipo. Shiti hupashwa moto ikalegea, ikalazwa juu ya kiolezo cha mbao au alumini, kisha hewa ya chini hunyonywa na shiti ikashika umbo. Inafaa kwa trei zenye vishimo vya sabuni au bangili, kwa oda za makumi mpaka mamia. Udhaifu wake ni kona: plastiki hunyooka na kuwa nyembamba pale inaposhuka. Trei yenye shimo la kina kirefu tunaianzia na shiti nene zaidi, na kuta za shimo lazima zilale kidogo, la sivyo haitoki kwenye kiolezo.

Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati?

Kipande kinatupwa na tunakata kingine. Hasara ni yetu.

## Ubora na ukaguzi

Nikifika kuchukua oda, nikague nini?

Njoo mchana. Toa karatasi ya kinga kwenye kipande kimoja na ukishike kimlalo mbele ya dirisha, usikitazame ana kwa ana. Mikwaruzo na mawimbi huonekana kwa mshazari. Pitisha kipande cha pamba kwenye kingo zote. Ikinasa, ukingo haujakamilika na utamkata mtoto wa mteja. Simamisha stendi juu ya kioo bapa na uiguse kila pembe: isicheze. Tia ndani kile itakachobeba, si karatasi tupu: A4 ni milimita 210 kwa 297, na stendi iliyokatwa kwa kipimo hichohicho bila nafasi itakunja pembe za kila karatasi.

Kwa oda kubwa, kwanza tunatengeneza kipande kimoja. Ukikiridhia, tunakitia saini pamoja na kinabaki karakanani mpaka oda ikamilike. Ubishi wote baadaye unaamuliwa nacho.

Nyufa za nywele zimetokea baada ya miezi. Kosa ni la nani?

Inategemea zilipo. Kila kipande kilichokatwa kwa leza, kilichopitishiwa moto kwenye ukingo au kilichokunjwa kinabaki na mkazo ndani. Mkazo huo hauonekani, mpaka spiriti, kiyeyushi au mafuta yafike pale, ndipo plastiki inapopasuka mistari mifupi iliyosimama sambamba.

Zikianzia kwenye kiungo cha gundi au mkunjo, na stendi haijaguswa na kemikali, kosa ni la fundi: hakuipumzisha. Kupumzisha ni kuiweka kwenye oveni ya takriban nyuzi 80 kwa saa kadhaa na kuipoza taratibu, ili mkazo utoke. Zikiwa zimetapakaa usoni pale unapofuta kila siku, au kuzunguka kitako cha chupa, chanzo ni dawa ya kusafishia au mafuta. Zikianzia kwenye tundu la skrubu, ama tundu ni dogo, ama skrubu imekazwa kupita kiasi, ama tundu limetobolewa karibu mno na ukingo; liwe mbali angalau mara mbili ya upana wake.

Vipande havilingani unene ingawa vyote vimeandikwa milimita 3. Nimeibiwa?

Pengine hapana. Kwa akriliki ya kumimina, kiwango cha kimataifa kinaruhusu shiti ya milimita 3 kupungua au kuzidi kwa kama milimita 0.7, kwa sababu ya namna inavyoganda. Ya kusukuma hubadilika kidogo sana. Kwa kisanduku cha gundi haidhuru. Kwa stendi ya kuchomeka vipande kwenye nafasi bila gundi inadhuru sana, na ndiyo maana fundi anapima shiti iliyo mkononi kabla ya kukata.

## Ikishafika dukani

Nisafishe kwa nini?

Maji, sabuni kidogo ya maji, kitambaa laini cha pamba safi. Puliza au mwagia maji kwanza mchanga uondoke, kisha ufute. Hapa kwetu kila kitu kina chembe za mchanga, na kitambaa kikavu kinazigeuza msasa.

Usitumie spiriti, sanitaiza, dawa ya vioo yenye amonia, petroli wala tina. Kinga nyingi za kaunta zilizowekwa mwaka 2020 wakati wa korona ziliharibika hivyo, kwa kufutwa spiriti kutwa mara kadhaa. Vumbi likirudi mara tu baada ya kufuta, ni umeme tuli unaoletwa na kusugua kukavu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu.

Mikwaruzo inatoka?

Midogo, ndiyo: msasa wa maji wa namba kubwa, kisha dawa ya kung'arishia. Ule ambao ukucha unanasa ndani yake, mara nyingi haustahili gharama.

Kibao changu cha nje kimepinda juani. Kwa nini?

Kila mita ya akriliki hurefuka kiasi cha milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kibao cha mita 1.2, kati ya alfajiri na jua la saa nane, kinaweza kupata tofauti ya nyuzi 20 na kurefuka karibu milimita 1.7, cheusi zaidi ya hapo. Kikibanwa na skrubu pembe nne bila nafasi, hakina pa kwenda ila kutunisha kifua au kupasuka. Matundu yawe mapana kuliko skrubu, na skrubu ipewe mpira chini ya kichwa. Maandishi tunayachapa kwa nyuma, ili mvua na vitambaa visiyaguse.

Naweza kufunga rafu kwenye ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe?

Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinatoa chumvi na haziishiki skrubu kama saruji. Simamisha rafu sakafuni, au ning'iniza kwenye boriti kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Popote ulipo, bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Za kawaida hutoa kutu kwa upepo wa bahari, na kutu hiyo hutiririka ndani ya akriliki na kuacha doa la kahawia.

Nafukiza udi dukani. Kuna hatari?

Chetezo kisikae juu ya stendi wala chini ya rafu. Akriliki hulegea kwa joto la makaa na, ikiguswa na kaa, huwaka. Kiweke sakafuni mbali nayo, au kwenye meza ya mbao yenye bati.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Niko Wete. Stendi itafikaje salama?

Kwa wateja wa Pemba tunapendekeza stendi za kuchomeka, zinazosafiri bapa kwenye boti mpaka Mkoani na kuunganishwa dukani bila gundi. Karatasi ya kinga isitolewe mpaka zifike, na itolewe pande zote mbili siku hiyohiyo. Ukitoa upande mmoja tu, upande huo hunywa unyevu peke yake na shiti inapinda.

Plastiki si imepigwa marufuku Zanzibar?

Kilichopigwa marufuku hapa tangu 2006 ni mifuko ya plastiki. Bara walifuata 1 Juni 2019. Stendi haimo humo. Sisi wenyewe tunafungia oda kwa makaratasi na maboksi.

Mnaweza kutumia plastiki iliyookotwa ufukweni?

Vifuniko vya chupa na ndoo vinaweza kusagwa, kupashwa na kukandamizwa kuwa bodi nzito zenye rangi za madoadoa. Ni nzuri kwa vitako vya stendi na vibao, na watalii wanazipenda. Haziwi angavu, na tusingependa ziguse chakula, kwa kuwa hakuna ajuaye ndoo ile ilibeba nini kabla.

Stendi ikivunjika, inatengenezeka?

Ufa safi, ndiyo, ingawa mstari wake utaonekana ukitazama kwa karibu. Leta vipande vyote, hata vidogo. Usivigundishe kwanza kwa supagluu: mvuke wake huacha weupe kandokando ya ufa, na weupe huo hatuwezi kuutoa.